Kupungua Bila Kuugua

Mtu wa Kisumu akiamua kupunguza mwili hukutana na maneno ya watu kabla hajakutana na njaa yenyewe. Mwezi wa pili, mashavu yakianza kubonyea na sketi ikitaka pini kiunoni, swali litamfikia sokoni, kanisani au stejini: "Mama, mbona umepungua hivi? Kweli uko sawa?" Anayeuliza huwa anampenda. Ameshusha sauti kwa sababu anaogopa jibu.

Woga huo una historia. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984, na katika miaka ya 1990 vijiji vya ufuoni mwa ziwa, kuanzia Usenge hadi Mbita, vilizika vijana mmoja baada ya mwingine. Rais Moi alipotangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa, Novemba 1999, hakukuwa na mkoa uliokuwa umeumia kama Nyanza. Dawa zilikuja kutolewa bila malipo katika hospitali za serikali mwaka 2006. Kabla ya hapo wengi hawakupimwa, na mwili ndio uliotoa habari: nguo zilimning'inia mtu, majirani wakajua, nyumba ikaanza kutembelewa. Na kabla ya ayaki, kama Ukimwi unavyoitwa kwetu, kulikuwa na chira, adhabu ya kuvunja mwiko, ambayo wazee waliitambua kwa jinsi mtu alivyokonda bila sababu. Waliokulia kwenye matanga ya miaka ile hawawezi kulaumiwa wakiona unene kama cheti cha uzima. Mtu mnene ni mtu ambaye nyumbani kwake kuna chakula, na ambaye hatutamzika pamoja na furaha yetu hivi karibuni.

Lakini miili imebadilika huku macho yetu yamebaki palepale. Utafiti wa taifa wa mwaka 2014 kuhusu afya ya jamii uligundua kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi. Mwaka uliofuata, utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza ulipopima watu wazima hadi miaka 69, ulikuta hali hiyo kwa asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume. Presha na kisukari vinatembea nyuma ya uzito huo. Hata wale ambao dawa za virusi ziliwarudishia uhai sasa wana hesabu mpya ya kufanya. Dolutegravir, dawa nzuri ambayo Kenya ilianza kuitumia mwaka 2017, huambatana na kuongezeka uzito kwa wagonjwa wengi, wanawake hasa. Dawa isiachwe kwa sababu hiyo hata siku moja, ila sahani inahitaji kuangaliwa.

Ndiyo maana ninashauri mpango uanze kwa kusema. Kabla hujapunguza hata tonge moja, waambie watu wa nyumbani, rafiki mmoja wa chama na mtu mmoja wa kanisani ambaye habari zikimfikia zimefika kote. Sema waziwazi: nimepimwa, daktari ameona presha inapanda, nataka kupunguza kilo kadhaa mwaka huu, mkiniona napungua mjue ni kazi ya mikono yangu. Maneno hayo yatakufanyia kazi mbili. Yatauzima uvumi kabla haujawaka, na yatakupa watu wa kukuuliza kwa wema, "Imefika wapi?" badala ya kunong'ona.

Neno "nimepimwa" lisiwe la kupamba mazungumzo. Pimwa kweli. Mtu anayepungua bila kukusudia, anayekohoa majuma mawili, anayetokwa jasho usiku au anayekwenda haja ndogo kila mara na kiu haiishi, huyo hahitaji sura hii. Anahitaji kituo cha afya leo, aangaliwe kifua kikuu, virusi na sukari. Mjamzito asianze mpango wa kupungua, na anayenyonyesha azungumze na mkunga kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari aongee na daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa maana dozi iliyopangiwa sahani kubwa inaweza kumwangusha ikikutana na sahani ndogo.

Kupimwa hakudai safari ndefu. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba Nyalenda, Manyatta na vijijini, wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na mizani. Mwite wa mtaa wako. Kisha tafuta utepe wa fundi cherehani, uuzungushe tumboni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje, soma. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni mahali pa kuanza kuwa macho, na kwa mwanaume ni 94. Ninaupenda utepe kuliko mizani. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, na utepe huyafuata kwa karibu zaidi.

Sasa tuje mezani, na tuanze na kuon, yaani ugali.

Ugali mweupe tunaouona kama urithi wa mababu ni mgeni wa juzi. Kuon ya zamani ya Nyanza ilikuwa ya mtama na wimbi. Mahindi yalitanda enzi za Waingereza, na mbegu chotara zilizoanza kutoka Kitale mwaka 1964 zikayamalizia ushindi. Hakuna ubaya katika mahindi yenyewe. Shida ni kiasi. Gramu 100 za unga mkavu zina kalori kama 360. Pakiti ya kilo mbili ikiisha kwa siku mbili katika nyumba ya watu wazima wanne, kila mmoja amekula gramu 250 kwa siku, yaani kalori 900 za ugali peke yake, kabla ya mboga, samaki, chai na mandazi. Mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha, au mkulima wa mpunga Ahero anayeinama tangu alfajiri, ataziteketeza. Karani wa benki, mwalimu, mwenye duka anayeketi nyuma ya kaunta hadi saa mbili usiku, hatazimaliza.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia ugali wa kahawia, wa mtama na muhogo, wakidhani ni dawa. Ni chakula kizuri, hasa mtama na wimbi zikizidi muhogo, kwa kuwa nafaka nzima ina nyuzinyuzi na hushibisha mapema. Lakini kalori za unga wake hazipishani sana na za unga mweupe, na rundo la kahawia linanenepesha vilevile. Kwa hiyo badilisha unga ukipenda, ila kwanza badilisha ukubwa. Kipande kinachotoshana na ngumi yako ndicho kipimo ninachopendekeza, kikae robo ya sahani. Robo nyingine iwe samaki, maharagwe, ndengu au kuku. Nusu nzima iliyobaki ni ya mboga.

Na hapa ufuo wetu una utajiri ambao watu wa miji mingi wangeununua ghali. Utafiti ule wa 2015 ulikuta Wakenya 94 kati ya 100 hawafikishi kiwango cha matunda na mboga kinachoshauriwa kwa siku, ilhali Kibuye, siku za Jumapili soko linapofurika hadi barabarani, mafungu ya osuga (mnavu), apoth (mlenda), dek (mgagani) na kunde yametandazwa chini kwenye magunia kwa bei ya chenji ya mfukoni. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, amejitolea maisha yake ya kazi kuzitetea mboga hizi. Utotoni mwili wake ulikataa vyakula vitokanavyo na wanyama, akakuzwa na mboga za kienyeji. Baadaye alipofika kwenye taaluma ya kilimo, alikuta mimea hiyohiyo ikihesabiwa kama magugu. Leo mbegu za mboga hizo zinauzwa madukani. Sukuma wiki ni nzuri, lakini anayeijua sukuma wiki peke yake amefungua mlango mmoja katika nyumba yenye vyumba vingi.

Mboga za kienyeji zinataka subira, na subira hiyo ndiyo inayookoa mafuta. Chukua osuga. Chambua majani, yaoshe, yachemshe hadi yalainike na ule uchungu mkali utoke. Mwaga maji ukiona uchungu umezidi. Mimina kikombe cha maziwa, acha yatokote polepole, epua, ufunike. Kesho yake washa moto tena, ongeza maziwa kidogo. Siku ya pili au ya tatu majani yameshikana na maziwa kuwa kitu kimoja, uchungu umegeuka utamu wa ndani, na hukuweka kijiko cha mafuta. Nyanya zetu walipika hivi kabla ya madebe ya mafuta kuingia dukani. Apoth nayo ikichanganywa na kunde na magadi kidogo huteleza yenyewe na ugali. Haihitaji kukaangwa.

Mafuta ndiyo yanayotuangusha, na huwa hatuyaoni kwa sababu hayana umbo kwenye sahani. Kijiko kimoja cha meza kina kalori kama 120. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita moja kwa siku nne imempa kila mtu kalori zipatazo 400 kwa siku, karibu nusu ya ugali wa yule tuliyemhesabu juu, na hakuna aliyeshiba kwa ajili yake. Hatua ninayoiamini kuliko zote ni hii: Jumatatu, mimina mafuta ya juma zima katika chupa ndogo, kiasi cha vijiko viwili vya meza kwa kila mtu kwa siku, uifiche ile kubwa. Chupa hiyo itamfundisha mpishi haraka kuliko mafundisho yoyote. Wengi hupima unga na kupima sukari, lakini mafuta huyamwaga kwa macho.

Samaki anatuonyesha jambo hili vizuri. Gramu 100 za ngege mbichi zina kalori zisizozidi 100 na protini kama gramu 20. Ni vigumu kupata nyama nyepesi kuliko hiyo. Mpeleke kwenye karai la kibanda, azame kwenye mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, kisha arudishwe kwenye mchuzi wa nyanya uliokaangwa upya, na unachokula sasa ni samaki na sifongo lake. Ukienda kula samaki Dunga au Mbita, agiza wa kuchemsha: nyanya, kitunguu, dhania, chumvi kidogo, ndimu, basi. Atachelewa zaidi ya wa kukaanga, kwa hiyo agiza kabla hujakaa. Mgongo wazi, mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa nje, mtaa wa Obunga huikaanga kwa kuizamisha kwenye mafuta. Anayeinunua nyumbani anaweza kuichemsha supu na kupata ladha ileile ya kichwa na mbavu bila ule mzigo.

Lakini kwa mwenye bajeti ndogo, omena, yaani dagaa, ndiyo ngao. Zaidi ya nusu ya uzito wa omena kavu ni protini, na kwa kuwa inaliwa na mifupa yake ina kalsiamu ya kutosha mtoto na bibi. Inunue kwa gorogoro, ichambue mchanga, ioshe kwa maji ya moto mara mbili na uichuje hadi isidondoke. Tia kwenye sufuria kavu, bila mafuta kabisa, uigeuze kwa mwiko juu ya moto mdogo hadi ianze kulia ikigusana na sufuria na harufu igeuke kutoka ya ziwa kuwa ya kuchoma. Hapo ndipo kitunguu kinaingia, kijiko kimoja cha mafuta, nyanya nyingi, funika. Omena iliyokauka namna hii inabaki na mkwaruzo wake hata ndani ya mchuzi. Kwa maoni yangu inaishinda ile inayokaangwa hadi ivunjike.

Sukari sitaizungumzia kwa urefu, maana kila mtu anaijua dhambi hiyo. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, mara tatu kwa siku, ni gramu 36 hivi. Soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana chini ya 25. Punguza nusu kijiko kila juma na ulimi hautalalamika. Soda iache kabisa, na juisi ya pakiti ifuate. Badala ya mandazi, kunywa chai na kiazi kitamu cha kuchemsha. Vya Kabondo vinafika Kisumu kwa magunia, na kimoja cha wastani kinakushikilia hadi saa sita.

Yote haya ni rahisi kwa anayekula peke yake, na kwetu hakuna anayekula peke yake. Katika nyumba nyingi kuon inapinduliwa kwenye sinia moja, mikono inanawishwa, watu wanakula pamoja. Hapo hujui umekula kiasi gani, na anayeacha mapema anaonekana ana kinyongo. Usianzishe vita na sinia. Jipimie ngumi yako mwanzoni, iweke mbele yako, na mboga ndiyo ikusindikize muda wote wenzako wanapoendelea. Anayekula mboga hana kinyongo, ana mikono inayotembea. Wala usipikiwe chakula chako cha pekee. Mpango wa mtu mmoja katika sufuria ya watu sita hauvuki mwezi. Mume apunguziwe mafuta pamoja nawe. Watoto wanaokua walishwe ugali wao, maziwa na omena kwa kushiba, maana huu si mpango wao.

Ukweni ni pagumu zaidi. Mkwe akikataa chakula amekataa nyumba. Kubali kila kitu kilicholetwa, omba mboga, yaani alot, iongezwe, sifu mboga, ongeza mboga tena. Mama mkwe akisema, "Nyathina, mwanangu, mbona huli?" mwambie, "Mama, alot hii imenishinda kuiacha." Hutakuwa umesema uongo.

Matanga huja karibu kila wikendi, na wali, nyama, mkate na soda huja nayo. Hapo nina sheria moja: kula kabla ya kuondoka nyumbani, na msibani chukua sahani mara moja. Mwenye kazi ya kufanya hupita kwa urahisi zaidi, basi jitolee kuosha vyombo, kupanga viti au kuandika michango.

Kuhusu mwendo wa kupungua, jiwekee kilo mbili kwa mwezi na uridhike. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba kalori kama 7,700, kwa hiyo upungufu wa 500 kwa siku unakaribia nusu kilo kwa juma mwanzoni, kisha unapungua kasi. Chai za kusafisha tumbo zinazouzwa mtaani zinakuharisha. Zinachukua maji, na maji yanarudi kesho. Wala huhitaji kurudi kuwa kama ulivyokuwa shuleni. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, na hatari yao ya kuugua ikashuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo sita na kitu. Si mwili mpya, ni mkanda kusogea tundu mbili.

Dakika 150 unaweza kuzipata barabarani. Kisumu ni tambarare, na katikati ya mji kuna njia pana za miguu zilizotengenezwa kabla ya mkutano wa Africities wa 2022. Boda na tuktuk zimetufanya tusahau kwamba kutoka Kondele hadi mjini ni mwendo usiofika saa moja. Nenda kwa mguu asubuhi kabla jua halijachachamaa, rudi na tuktuk jioni ukiwa umechoka.

Mwezi wa tatu au wa nne mizani itakwama. Mwili mdogo unatumia chakula kidogo kuliko ule uliouacha, na mkono wa mpishi, ukishaona mambo yanaenda, huanza kuisahau chupa. Hesabu upya: pakiti ya unga inakaa siku ngapi sasa, mafuta ya Jumatatu yameisha siku gani, ngumi ya ugali imeota lini vidole vya ziada. Mara nyingi utaikuta kilo iliyokwama katika moja ya hayo matatu. Na ukishafika ulikotaka, endelea kujipima kila Jumatatu kabla ya chai. Kilo mbili zikirudi, itoe ile chupa ndogo juma hilohilo, usingoje ziwe kumi.